Aliyetanguliza Miguu

Mwalimu Zenon alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Magoti yalimuuma, kiuno kilimuuma, na hata kuitikia shikamoo za watoto waliokuwa wakienda shule kulimchosha. Alikuwa katekista wa kigango kimoja miaka thelathini na nane, kigango kilichopo ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, njia ya kushukia Milepa. Katika miaka hiyo alikuwa amefundisha, amezika, amesuluhisha ndoa za watu wasiosuluhishika, na ameongoza ibada za Jumapili zile ambazo padri hakufika, maana padri alikuwa mmoja na vigango kumi na vinne. Juni ikiingia na baridi lake, alikuwa akivaa makoti mawili na bado anatetemeka. Silvana, mkewe, alimwambia kila mwaka aache kazi hiyo. Kila mwaka yeye alijibu, "Nikimaliza hawa wa kubatizwa Pasaka." Jamani, Pasaka zina mwisho?

Kitu kimoja tu hakikumchosha, nacho ni majina.

Alikuwa bado kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, alipopelekwa semina ya makatekista Sumbawanga. Huko padri mmoja mzee wa Kizungu aliwafundisha wiki mbili nzima maana ya majina ya Kiebrania yaliyomo katika Maandiko. Wenzake walisinzia. Zenon alijaza daftari. Alishangaa kugundua kwamba watu wale wa kale hawakuokota majina njiani. Isaka maana yake anacheka, kwa kuwa mama yake alicheka alipoambiwa atazaa na uzee ule. Musa ni yule aliyetolewa majini. Samweli, mama yake alisema amemwomba kwa Mungu. Debora ni nyuki, Yona ni njiwa, Tamari ni mtende, Rahel ni kondoo jike. Yakobo alizaliwa amemshika pacha wake kisigino, wakamwita kwa kisigino hicho hicho. Mengi yanayoishia na "eli" yana Mungu ndani yake, aliwafundisha watu wake baadaye, ila Rahel na Abeli hamna, msinichanganye.

Basi akatunga sheria yake. Hakuna mtu mzima atakayebatizwa kwenye kigango chake mpaka asimame mbele ya wenzake, ataje jina alilochagua na aeleze maana yake. Sheria hiyo haikuwepo jimboni kote, wala hakuna aliyemtuma. Lakini watu waliizoea, na wengine waliipenda, na wazazi wa watoto wachanga nao wakaanza kumfuata nyumbani kuuliza. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Mama mmoja alimletea mtoto aitwaye Abel, Zenon akamweleza bila kumung'unya kwamba Abeli ni pumzi, kitu kinachopita kikaisha. Mama wa watu alilia njia nzima. Mwingine alileta Sharon, akaambiwa Sharon si mtu, ni tambarare yenye maua. Aliyeleta Jenifer aliambiwa hayumo kwenye Biblia, hata asome mpaka jalada la nyuma. Wafipa wenyewe, ambao babu zao walibatizwa kina Flavian na Zita, hawakupona. "Flavian ni mwenye nywele za manjano," aliwaambia, na kina Flavian wote wa kijiji wakawa wanachekwa kilabuni. Zenon alikuwa na ulimi, nani asiyejua.

Huyo ndiye mwalimu ambaye Kashinje alimkuta.

Kashinje alikuwa Msukuma, mama mtu mzima kumzidi Zenon miaka kama mitano. Yeye na mumewe Yonas walikuja na ng'ombe kutoka huko kwao wakakaa chini bondeni, kwenye nyasi. Yonas alibatizwa, akaugua, akafa, na Zenon ndiye aliyemzika. Wiki iliyofuata mjane alipanda mlima kwa miguu, akakaa benchi la mbele kwenye darasa la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Hakujua kusoma. Lakini kusikiliza alisikiliza, hata ukikohoa anakugeukia kwa hasira. Mwaka ulipokwisha alikuwa anazijua sala kuliko Wafipa waliorithi dini pamoja na mashamba ya ulezi.

Siku ya kutaja majina ikafika. Wenzake wakasimama mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika akanyooka.

"Naitwa Kashinje," akasema. "Maana yake nilitanguliza miguu wakati wa kuzaliwa."

Darasa likacheka. Zenon naye akatabasamu. "Hilo la nyumbani, mama. Sasa tupe la Kikristo."

"Sina lingine."

"Ndiyo maana unachagua. Kuna Debora, kuna Mary. Au chukua Rahel. Rahel litakufaa, wewe mtu wa mifugo."

"Nimeshachagua, mwalimu. Kashinje."

Zenon akamwambia akae, afikiri, arudi mwaka unaofuata. Hakusema kwa ubaya. Alidhani mwanamke yule hajaelewa, na kwamba mwaka mmoja mwingine utamlainisha. Mwaka uliofuata akasimama tena: Kashinje, nilitanguliza miguu. Wa tatu, Kashinje. Wa nne, darasa halikucheka tena, na Zenon alikuwa hatabasamu. Sasa lilikuwa shindano la vichwa vigumu viwili, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake halegei.

Kilichomuuma Kashinje si darasa. Kilichomuuma ni ile saa ya komunyo. Padri alipokuja, kigango kizima kiliinuka kwenda mbele kupokea, na yeye alibaki kwenye benchi na watoto wadogo, mtu na mvi zake. Watoto walimpanda mapajani, wakachezea shanga zake. Binti yake Hellena, aliyebatizwa alipoolewa, alimpita ubavuni akiangalia chini. "Sitaki makubwa, mwalimu," alimwambia Zenon siku moja nje ya kanisa. "Nataka siku moja niinuke na wenzangu, niende pale mbele, nirudi. Basi."

"Mlango uko wazi. Taja jina upite."

"Nimelitaja."

Akaenda zake, akashuka mlima.

Kwaresima ya tano ndipo alipomaliza ubishi wote. Siku hiyo Zenon alikuwa akifundisha juu ya Rahel, mke wa Yakobo, aliyefia njiani akijifungua. Alikieleza kisa vizuri, maana alikipenda. Roho ikimtoka, Rahel alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu. Lakini baba yake akakataa jina hilo, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, na jina la baba ndilo lililobaki.

Kashinje akainua mkono. "Mwalimu, huyo mama alikuwa anakufa?"

"Alikuwa anakufa."

"Na kitu cha mwisho alichosema ni jina la mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Na wakalifuta."

"Mimi mama yangu alikufa siku niliyozaliwa," Kashinje akasema, na wala hakupandisha sauti. "Nilikwama. Mkunga alimwambia, mtoto ametanguliza miguu, na mama akasema basi huyo ni Kashinje. Hakusema tena. Sijui sura yake. Nguo yake sina, kaburi lake liko mbali sijui nani analima juu yake. Nina neno hilo moja. Wewe unataka kuniita Rahel, halafu unanifanyia yale yale aliyofanyiwa Rahel."

Zenon akasema darasa limekwisha, ingawa lilikuwa halijafika nusu.

Usingizi ulimpaa siku kadhaa. Sasa ukimwangalia Yakobo wa kisigino na Kashinje wa miguu, tofauti iko wapi? Hata yeye aliliona. Daftari lake zima lilikuwa limejaa watu walioitwa kwa namna walivyozaliwa, na yeye alikuwa amemweka mmoja wao benchini miaka mitano. Pasaka ilipopita, akapanda baiskeli mpaka parokiani kumuuliza padri. Padri Raymond alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, mcheshi, mwenye haraka. Alimsikiliza amesimama, funguo za pikipiki mkononi.

"Mwalimu, nani amekuambia lazima jina la mtakatifu?" akasema. "Kanisa linakataza jina lililo kinyume na roho ya Kikristo, ndilo tu. Miguu ya mtoto imemkosea nani? Mbatize mama wa watu. Nitakuja mwenyewe hata Jumapili ijayo." Kisha akacheka. "Na wewe unavyowachambua wenzako! Unajua Zenon maana yake nini? Ni mtu wa Zeu. Mungu wa Wagiriki wa kale, wapagani kabisa, aliyekuwa akirusha radi. Katekista mzima unatembea na jina la mzimu wa watu!"

Alikuwa anatania. Mtu yeyote angeona anatania. Tena akaongeza kwamba wapo watakatifu waliobeba jina hilo wakalitakasa, lakini Zenon alikuwa ameacha kusikia. Mpishi wa parokia alikuwa akicheka mlangoni. Zenon akaaga, akapanda baiskeli, na njia nzima masikio yalikuwa ya moto. Miaka thelathini na saba alikuwa amewatafutia watu maana ya majina yao, na la kwake hakuwahi kulitafuta. Hakumwambia Silvana.

Wala hakumwambia Kashinje.

Hapo ndipo penye kosa, na halina kona ya kujifichia. Alijiambia atamwambia Jumapili ijayo. Jumapili ikaja, akaona akisema sasa darasa litauliza ilikuwaje, na padri alisemaje, na mpaka wamalize kuuliza, habari ya Zeu itakuwa imefika kilabuni kwa kina Flavian. Akasema tuvune kwanza mahindi. Mahindi yakavunwa. Akasema tupige ulezi. Ukapigwa. Padri Raymond alipomuuliza kwa haraka, mguu mmoja kwenye pikipiki, "Yule mama vipi?" Zenon alijibu, "Bado anajiandaa, Padri," na mdomo wake haukutetemeka. Kwaresima ya sita ikaja. Kashinje akasimama akataja jina lake, na mwalimu, huku anajua anachojua, akamwambia akae. Pasaka ikapita. Alikuwa amechoka, alijiambia, na mtu aliyechoka huahirisha mambo. Huo uongo alijilisha mpaka ukamkaa kooni.

Alhamisi moja ya Juni, asubuhi, bodaboda ikasimama uani kwake. Aliyeiendesha alikuwa Wiliam, mtoto wa kiume wa Kashinje, mtu mzima mwenye familia yake, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama vipi?"

"Mama hana hali. Kifua kimembana tangu Jumatatu. Hospitali tulimpeleka, wakasema moyo, akakataa kulazwa, akasema arudi nyumbani. Leo amesema nikuite."

Zenon akachukua kitabu chake cha ibada, akavaa makoti yake mawili, akapanda nyuma ya Wiliam. Kushuka mlima ule kwa pikipiki ni kushika roho mkononi, mawe yanaruka, lakini siku hiyo hakuogopa kuanguka. Aliogopa kufika. Walipofika bondeni kwenye mtandao akampigia Padri Raymond. Padri alikuwa Kirando, ziwani, kwenye msiba wa mjomba wake. Wanazika Ijumaa, akasema, na Jumamosi angekuja moja kwa moja bila kupitia parokiani. "Kama hali ni mbaya, mwalimu, mbatize wewe. Unajua namna."

Alijua namna. Aliifundisha kila mwaka.

Kashinje alikuwa amelazwa karibu na mlango ili apate hewa, ameegemezwa kwenye magunia, amekonda kiasi kwamba Zenon alimtafuta kwanza kwa macho. Hellena alikuwa akimpepea kwa kanga. Zenon akakaa chini kwenye mkeka, magoti yakalia.

"Umekuja, mwalimu."

"Nimekuja, mama. Pole."

Alipumua kidogo kidogo, anakusanya pumzi za sentensi moja. "Nimechoka kubishana na wewe. Andika Rahel. Andika chochote unachotaka. Nataka hayo maji."

Zenon alikuwa ameisubiri sentensi hiyo miaka sita. Alikuwa ameiwazia, mama yule anavyolegea, na yeye anavyompokea kwa huruma. Sasa ilikuja, na aibu ikamshika mpaka akashindwa kumtazama. Angeweza kunyamaza. Maji yangemwagwa, Rahel angekufa Mkristo, na hakuna mtu bondeni wala mlimani angejua. Silvana hangejua. Akatazama mikono ya yule mama juu ya shuka, akashindwa.

"Mama, huhitaji kuitwa Rahel," akasema. "Nilimuuliza padri. Akasema Kashinje linafaa."

Hellena akaacha kupepea.

"Lini?" Kashinje akauliza.

"Mwaka jana. Baada ya Pasaka."

"Mwaka jana."

"Ndiyo, mama. Nikakuficha."

Kashinje akageuza uso kuelekea mlangoni. Kisha akasema, "Mwaka jana nilikuwa naweza kutembea mpaka pale mbele."

Zenon akainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye koti na hakuyafuta. Mzee mzima, mbele ya binti wa watu.

"Kwa nini?" Kashinje akauliza.

"Padri alinicheka."

"Alikucheka nini?"

Basi akamwambia, akawa ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Zenon si jina la Kiebrania, si la nabii, si la mtume. Ni la mungu wa wapagani, aliyekaa mawinguni akirusha radi. Na kwa kuona haya juu ya jina lake, alimnyima yeye lake.

Kashinje alimkodolea macho. Halafu kitu kikamtikisa kifuani, Hellena akaruka akidhani ndiyo mwisho, kumbe anacheka. Alicheka na kukohoa, kukohoa na kucheka, mpaka Wiliam akachungulia mlangoni.

"Na wakakubatiza hivyo hivyo?" akauliza.

"Hivyo hivyo, mama."

"Mtu wa radi." Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Umenikosea sana, mwalimu. Usidhani nacheka kwa sababu nimesahau. Haya, Hellena, mletee huyu maji, kabla hajabadili mawazo tena."

Maji yakaja kwenye bakuli la bati. Zenon akapiga magoti, akamwaga juu ya mvi zile mara tatu. "Kashinje, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Amina," akasema Kashinje, kwa nguvu kuliko wote. Kisha akafumba macho, maji yakimtiririka shingoni, akakataa kufutwa. Baadaye akauliza, "Na ile ya mbele?"

"Komunyo inaletwa na padri, mama. Kigangoni hatuna mahali pa kuihifadhi. Anakuja Jumamosi."

"Jumamosi," akasema. "Nitajikaza."

Zenon hakurudi nyumbani. Alimtumia Silvana ujumbe kwamba yuko bondeni, akakaa pale siku mbili akisali naye, na akinyamaza alipoambiwa anyamaze. Ijumaa Kashinje alikunywa uji wa ulezi vijiko vinne, akauliza Kirando ni mbali kiasi gani. Zenon akamwambia si mbali sana. Aliuliza tena alasiri. Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda na ng'ombe wameshatoka, alimwomba Hellena amkalishe wima aweze kuona njia. Walimkalisha. Akaitazama njia muda mrefu, kichwa kikaanza kuinama taratibu, na Hellena akapiga yowe.

Padri Raymond alifika saa saba mchana, pikipiki imechemka, nguo zimebadilika rangi kwa vumbi, kikopo kidogo cha Ekaristi kutoka kanisa la Kirando kikiwa kifuani ndani ya jaketi. Aliwaona wanawake wamekaa chini uani, akaelewa kabla hajashuka. Zenon alitoka kumpokea, akitembea kwa shida.

"Nisamehe, mwalimu," padri akasema, na alikuwa karibu kulia. "Nimechelewa. Nimetoka Kirando alfajiri, sikusimama popote."

"Wewe hukuchelewa, Padri," Zenon akasema. "Wewe umetoka ziwani asubuhi hii na umefika. Mimi nakaa hapo juu mlimani tu, na imenichukua mwaka mzima."